Kumwomba Petro, kumwomba Mungu: tunabishana nini hasa?

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mchangani na watu wanakaa kivulini kushona nyavu. Siku kama hizo ndipo mabishano ya dini yanaponoga. Mwaloni Igombe niliwahi kukaa kati ya mitumbwi miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Mmoja uliandikwa kwa rangi ya bluu: MT. PETRO UTUOMBEE. Wa pili: YESU PEKEE. Wenye mitumbwi ni mtu na shemeji yake, na wanaheshimiana sana, lakini siku hiyo yule wa YESU PEKEE alishindwa kuvumilia.

"Shemeji, nakuuliza kwa nia njema tu. Petro alikufa. Unamwombaje mtu aliyekufa?"

Mwenzake akajibu bila kuinua macho kwenye wavu. "Simwombi anipe samaki, shemeji. Namwomba aniombee. Wewe mtoto wako alipolazwa Bugando si ulinipigia simu ukasema nikuombee?"

Waliendelea hivyo mpaka jua likazama, wala hawakufika popote, maana kila mmoja alikuwa akijibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza. Jambo hili mimi nalijua kwa karibu. Mama yangu alikuwa Mkatoliki wa Bukumbi, baba yangu muumini wa AIC (Africa Inland Church, kanisa la Kiprotestanti) kutoka Nassa. Rozari ya mama na kitabu cha tenzi cha baba vilikaa kwenye kabati moja. Tangu utotoni nimesikia pande zote mbili zikisemwa na watu ninaowapenda, na inaniuma kuona kila upande ukipigana na kivuli cha mwenzake badala ya mwenzake mwenyewe.

Tuanze na neno, kwa sababu nusu ya ugomvi iko kwenye neno. Kiswahili kimekitwisha kitenzi "kuomba" mizigo mingi. Naomba maji. Naomba radhi. Naomba namba yako. Naomba kwa Mungu. Lugha nyingine zina kitenzi cha kumwelekea Mungu na kingine cha kumwelekea jirani. Sisi tunavyo "kusali" na "kuabudu", lakini midomoni mwetu "kuomba" ndiko kunakotangulia. Mlokole akisikia kwamba Wakatoliki wanawaomba watakatifu, sikio lake linapokea ibada. Mkatoliki akitamka maneno hayohayo, anachomaanisha ni ombi, kama lile la kwenye simu. Kisha kuna kile kiambishi kidogo kinachogeuza "kuomba" kuwa "kuombea", yaani kumfanyia mwingine kazi ya kuomba. Mzozo mzima unapita katika silabi hiyo.

Sikiliza Litania ya Watakatifu inavyoimbwa mkesha wa Pasaka, au siku padre anapopewa daraja akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Inaanza kwa Bwana, na kitikio ni "utuhurumie". Inafika kwa Maria, kwa Mikaeli, kwa Yohane Mbatizaji, kwa Petro na Paulo, na kitikio kinabadilika: "utuombee", "mtuombee". Halafu inamrudia Kristo, nacho kitikio kinageuka tena: "utuopoe", na baadaye "twakuomba utusikie". Hakuna mtakatifu hata mmoja anayeambiwa humo "utuhurumie". Anayesali anaweza kuwa amechoka na anasinzia, lakini vitenzi vyenyewe havisinzii.

Mkatoliki anayeishia hapo, hata hivyo, ameonyesha nusu iliyo rahisi tu. Ipo nusu ngumu. Tunayo sala ya kale isemayo "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu", inayoendelea kumwomba Maria atuokoe tuingiapo hatarini. Tunayo Salamu Malkia, ambamo Maria anaitwa tumaini letu. Katika maneno hayo yenyewe hakuna "utuombee" ya kujificha nyuma yake, na ndugu yangu wa AIC ana haki ya kuuliza: kuokoa si kazi ya Mwana? Wakatoliki hujibu kwamba lugha hiyo ni ya mtoto kwa mama, na kwamba Maria anaokoa kwa kuomba, hana njia nyingine. Nadhani jibu hilo ni la kweli. Nadhani pia linahitaji kufundishwa parokiani mara nyingi kuliko linavyofundishwa.

Aya inayorushwa kwanza katika kila mabishano ni 1 Timotheo 2:5: Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu. Wengi wetu tunadhani aya hii inafunga mjadala. Haiufungi, kwa sababu hakuna anayeikana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa, ulisema wazi kwamba sifa anazopewa Maria hazipunguzi wala haziongezi chochote katika hadhi ya Kristo aliye Mpatanishi mmoja. Novemba 2025 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilikwenda mbali zaidi, ikatangaza kwamba kumwita Maria Mkombozi-Mwenza hakufai, kwa kuwa kunaweza kuifunika kazi ya Kristo. Tena aya nne tu kabla ya hiyo ya mpatanishi mmoja, Paulo anaagiza dua, sala na maombezi yafanywe kwa ajili ya watu wote. Kama kuombeana kungekuwa kumnyang'anya Kristo nafasi yake, Paulo asingeagiza.

Lakini hapa pia neno linatuchanganya. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita Yesu "Mpatanishi" kwa Timotheo, na "Mwombezi" katika 1 Yohana 2:1: tunaye Mwombezi kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki. Mkatoliki anaposema "Mtakatifu Yosefu, mwombezi wetu", anatumia cheo ambacho sikio la Mprotestanti limezoea kukisikia kwa Yesu peke yake. Amekusudia mwombezi kama shemeji anavyomwombea shemeji. Mwenzake amesikia wakili wa mbinguni aliyewekwa badala ya Mwana.

Basi wanaokataa wanakataa nini? Si kitu kimoja, na hili ndilo ningependa Wakatoliki wenzangu walielewe kwanza.

Wasabato, ambao ni wengi huku Kanda ya Ziwa, wanafundisha kwamba mtu akifa amelala. Hasikii, haoni, anangoja ufufuo. Mhubiri 9:5 kwao ni nguzo: wafu hawajui neno lolote. Kwa Msabato, kumwambia Petro "utuombee" ni kumsemesha aliye usingizini, na sauti ikijibu, ataogopa sana ni nani aliyejibu. Kubishana naye juu ya mpatanishi mmoja ni kupoteza muda. Ukitaka kuzungumza naye, zungumzeni habari ya kifo: maneno ya Yesu kwa mnyang'anyi msalabani, Musa na Eliya mlimani, roho zinazolia chini ya madhabahu katika Ufunuo 6.

Walutheri wanasimama pengine kabisa. Ungamo lao la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21, linasema watakatifu wakumbukwe na imani yao ifuatwe, lakini Maandiko hayafundishi kuwaita watusaidie. Mwaka uliofuata Philipp Melanchthon, akilitetea ungamo hilo, alikubali kwamba watakatifu walioko mbinguni wanaliombea Kanisa kwa ujumla. Soma tena hapo: wanatuombea. Anachokataa ni sisi kuwaita, kwa kuwa hatuna agizo wala ahadi ya Mungu juu ya jambo hilo, na sala isiyo na ahadi haiwezi kusimama juu ya imani. Nimewaambia hili watu wengi wa KKKT hapa Mwanza na wakashangaa. Nimewaambia Wakatoliki nao wakashangaa zaidi.

Waanglikana wamegawanyika wenyewe. Kifungu cha 22 cha zile Ibara 39, zilizokamilishwa mwaka 1571, kinakemea mafundisho ya Kirumi juu ya kuwaita watakatifu, na Waanglikana wa Victoria Nyanza, waliotokana na wamisionari wa CMS, wenye mwelekeo wa kiinjili, wanakifuata hivyo. Ukienda Zanzibar au Masasi, walikotangulia wamisionari wa UMCA, Waanglikana wenye mwelekeo wa Kikatoliki, utakuta Waanglikana wanaosali Salamu Maria bila wasiwasi. AIC na Wapentekoste wanaamini kwamba waliokufa katika Bwana wako naye na wako macho. Pingamizi lao ni kwamba mlango wa mawasiliano ameufunga Mungu mwenyewe katika Kumbukumbu la Torati 18, na kwamba aliyefunguliwa kiti cha neema hana haja ya kupita kwa mtu.

Upande wa wanaokubali nao si Roma peke yake. Waorthodoksi wanaimba "kwa maombi ya Mzazi-Mungu". Wakopti wa Misri na Wahabeshi, waliotengana na Roma na Konstantinopoli baada ya Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451, nao wanawaomba watakatifu. Kitu kilichobaki kwa ndugu wasioelewana kwa zaidi ya miaka 1500 si rahisi kusema kililetwa na papa fulani wa zama za kati. Na ushahidi unarudi nyuma zaidi: chini ya kanisa la Mtakatifu Sebastiani huko Roma kuna ukuta waliouchorachora mahujaji wa karne ya 3, wakiandika kwa mkono usio wa fundi majina ya Petro na Paulo na ombi kwamba wamwombee fulani. Mtu wa AIC atanijibu kwamba uzee wa desturi hauifanyi kuwa ya mitume, na hapo simbishii. Karne ya 3 si karne ya kwanza.

Baba alikuwa na hoja moja ambayo sijawahi kuisikia ikijibiwa vizuri mwaloni. Yeye hakuzungumza habari za Roma. Alizungumza habari za masamva.

Usukumani, kabla ya misheni, mtu mwenye shida aliwaendea masamva, yaani wazee waliotangulia, katika vijumba vyao uani, akawapelekea chakula au pombe na kuwaeleza yaliyompata. Babu alivibomoa vijumba vile alipobatizwa. Ndugu walimtenga, na mtoto wake mmoja alipokufa walimwambia unaona. Kwa baba, kumwambia marehemu "nisaidie", hata kama marehemu ni Petro, kulikuwa kurudi kwenye kijumba ambacho babu alilipa gharama kukivunja. Hiyo si chuki dhidi ya Wakatoliki. Ni uaminifu kwa kaburi la mtoto.

Ni hofu ya kale, na imezaliwa Afrika. Faustus, mhubiri wa dini ya Mani, aliwashutumu Wakristo kwamba wamegeuza sanamu zao kuwa mashahidi wa imani. Aliyemjibu, karibu mwaka 400, ni Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, yuleyule ambaye chuo kikuu chetu cha Malimbe kimepewa jina lake. Alisema hakuna shahidi anayejengewa madhabahu ya sadaka; sadaka ni ya Mungu wa mashahidi. Lakini Augustino huyohuyo anasimulia habari ya mama yake, Monika. Kwao Afrika, Monika alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipohamia Milano akafanya vilevile, na bawabu akamzuia: askofu Ambrosi alikuwa amekataza, kwa sababu ya walevi na kwa sababu desturi ile ilifanana mno na matambiko ya wapagani kwa wafu wao. Monika hakubisha. Aliacha kapu, akaendelea kwenda makaburini na moyo wake tu.

Kila ninapomfikiria mama yule mwenye kapu la uji namwona bibi wa Magu. Kisa hicho kinaonyesha kwamba Kanisa lenyewe lilijua mpaka uko karibu kiasi gani, na kwamba lilikuwa tayari kukata. Mpaka ni huu: anayekwenda kwa masamva au kwa mpiga ramli anataka marehemu aseme, afichue nani kamroga, aondoe ghadhabu, apokee sadaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inalaani kuwaita wafu kwa namna hiyo kwa ukali uleule wa Kumbukumbu la Torati. Anayesema "Mtakatifu Petro utuombee" hangoji jibu la Petro na hamletei chochote. Anamwachia Mungu. Hata hivyo nimewaona Wakatoliki wanaobeba sanamu ya Mtakatifu Antoni kama hirizi, wanaoigeuza uso ukutani vitu vilivyopotea visipopatikana. Hao wanampa baba hoja, na mapadre wanaowanyamazia wanampa hoja zaidi.

Martin Luther alilijua jambo hili kwa ndani. Julai 1505, akiwa kijana wa miaka 21 karibu na Erfurt, radi ilipiga karibu yake, akapaza sauti: "Mtakatifu Ana, nisaidie! Nitakuwa mtawa." Ana alikuwa msimamizi wa wachimbaji madini, na baba yake Luther alikuwa katika kazi ya migodi. Ukiwa Mwanza, mahali ambapo radi za Machi zinatikisa mabati, unamwelewa kijana huyo. Lakini mwangalie anachosema: haombi aombewe, anafunga mkataba. Wanamatengenezo, yaani Luther na wenzake waliotaka kulirekebisha kanisa, waliona watu wengi wakiishi hivyo, wakitegemea stahili za watakatifu kama akiba ya benki na kumwogopa Kristo kama hakimu ambaye lazima upitie kwa jamaa zake. Walipiga kelele kwa sababu ya faraja iliyopotea. Mtaguso wa Trento, Desemba 1563, ulijibu kwa kusema kuwaita watakatifu ni jambo jema na lenye manufaa, ukaagiza ushirikina na tamaa ya fedha viondolewe. Jema na lenye manufaa. Haukusema kwamba Mkristo asiyewaita hataokoka.

Tukishaondoa vivuli vyote hivyo, yanabaki maswali mawili ya kweli. La kwanza: wanasikiaje? Petro ni mmoja, na usiku mmoja watu wa Igombe, Manila na Lima wanamwita pamoja. Kwa Mprotestanti, kusikia yote hayo ni sifa ya Mungu tu. Thomaso wa Akwino alijibu kwamba watakatifu wanajua katika Mungu yale yanayowahusu, kwa zawadi. Ni kama nabii Elisha alivyojua maneno aliyonena mfalme wa Shamu chumbani mwake. Katika Ufunuo 5:8 wale wazee 24 wameshika vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Mkatoliki anasema: unaona, maombi yetu yamo mikononi mwao. Mprotestanti anasema: yamo mikononi, ndiyo, lakini yalielekezwa kwa Mwanakondoo, hakuna aliyewaita wazee. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi na naona inaruhusu usomaji wa aina zote mbili.

La pili ndilo mzizi. Hakuna mahali katika Agano Jipya ambapo mtu aliye duniani anamwambia mtakatifu aliyekufa "niombee". Mkatoliki mkweli anakubali hivyo. Kitabu cha pili cha Makabayo, sura ya 15, kinaonyesha nabii Yeremia, aliyekwisha kufa, akiwaombea watu wa Mungu. Lakini kitabu hicho Waprotestanti hawakihesabu katika Maandiko, na hata humo anayeomba ni Yeremia, hakuna aliyemwita. Kwa hiyo swali linakuwa: je, Kanisa lililoishi, lililosali, lililozika mashahidi wake na kuwaita kwa majina, linaweza kujua kitu ambacho halikuandikwa kama agizo? Ukisema ndiyo, "utuombee" inakuja yenyewe. Ukisema hapana, haiji, na hakuna idadi ya aya itakayoileta. Mimi nasema ndiyo. Baba alisema hapana, na najua kwamba hakusema hivyo kwa uvivu wa kusoma.

Ziwa hili lina mfano wake. Mwishoni mwa 1882 Wamisionari wa Afrika, maarufu White Fathers, waliondoka Buganda wakavuka kuja kusini, na mwaka 1883 misheni ya Bukumbi ikaanza. Waongofu waliowaacha walijiongoza wenyewe. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 waliouawa kati ya 1885 na 1887 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, naye katika mahubiri yake aliwataja Waanglikana waliokufa kwa jina lilelile la Kristo. Kila Juni mabasi ya mahujaji yanaondoka Mwanza kupitia Mutukula. Wakifika, Wakatoliki wanasema "Mashahidi wa Uganda, mtuombee". Waanglikana, katika uwanja wao wa jirani, wanamshukuru Mungu kwa ajili ya mashahidi wale, na hawawasemeshi. Moto ulikuwa mmoja.

Mama alipofariki, tulikesha nyumbani. Jumuiya ilikuja na rozari, na baada ya rozari litania ya Bikira Maria. Nyota ya asubuhi, utuombee. Mlango wa mbingu, utuombee. Sauti za kina mama zilipanda na kushuka kama maji yanayogonga mawe. Baba alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, kofia gotini, mdomo umefungwa. Litania ilipokwisha, katekista akatoa sala ya mwisho kwa Mungu Baba, kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Hapo baba akaitikia "Amina" kwa sauti iliyowafanya watu wageuke.

Usiku wa pili alimwita katekista pembeni, akamwomba kitu kimoja: Maandiko yasomwe kabla ya rozari. Katekista akampa yeye asome. Baba akavaa miwani, akafungua Warumi 8, akasoma polepole chini ya balbu ya uani mpaka mstari wa 34: "naye yuko mkono wa kuume wa Mungu, tena ndiye anayetuombea." Akafunga Biblia, akarudi kwenye kiti chake karibu na mlango. Shangazi wa upande wa mama akafanya ishara ya msalaba, akaanza: Salamu Maria.